Baba, Wameanza Kuupenda Wimbo Wako

Baba,

Shikamoo. Marahaba yake niwekee, nitakuja kuichukua siku tutakapoonana.

Nakuandikia nyuma ya tangazo la dansi, nimekaa juu ya boksi la spika kwenye baraza ya ukumbi ule ule wa Mbamba Bay. Jua bado lipo. Vijana wanakunja nyaya, na Kasiani anafunga gitaa lake la besi kwenye lile blanketi la kijivu ulilosema limezeeka kuliko yeye mwenyewe. Nimewaambia kichwa kinaniuma ili waniache. Kichwa hakiniumi. Naogopa, Baba. Mdogo wangu Osmunda ameondoka na boti ya Lundo, mtoto mgongoni, na upepo umeanza kuinua mchanga pale wanapoanika dagaa. Ameahidi kunipigia wakifika. Shangazi Kandida naye yumo kwenye boti hiyo hiyo, lakini huyo hatuongei, na sababu yake nitakueleza. Simu nimeipakata na haijaita.

Nikikaa bure nitapiga mayowe mbele za watu. Afadhali niandike.

Mtoto hukumwona. Osmunda alijifungua baada ya wewe kuondoka, tukampa jina lako, na analia kwa sauti nzito ambayo haifanani na kimo chake. Mama anasema ni wewe umerudi kudai chai. Mama mwenyewe hajambo. Kahawa ya shamba letu la Mapera tumeshachuma yote, na ile miti ya kule chini karibu na kijito, uliyotuambia tuing'oe, hatukuing'oa, nayo imezaa kama inayokukomoa. Kiti chako bado kiko pale mlangoni. Wageni wakija wanakizunguka, hakuna anayekikalia. Gitaa lako liko juu ya kabati. Wanasema mimi ndiye mwenye haki ya kulishika, na ndiyo maana silishiki.

Hayo ni madogo. Kubwa ni hili: wameanza kuupenda wimbo wako. Sisemi zile nyimbo zako nzuri, hizo wanazipenda tangu zamani. Nasema "Samaki Hana Kope".

Najua unacheka. Usicheke, Baba, subiri.

Unakumbuka uani kwa Mama Winfrida pale Mbinga? Kila mwaka kahawa ikishaanikwa, wapenzi wa Ukingo Jazz walikuwa wanakusanyika pale kwa supu na chapati kubishana wimbo upi wa bendi yetu ni mbaya kuliko zote. Bendi nyingine zinasifiwa na wapenzi wao, yetu inasutwa. Na wewe ulikuwa unakwenda kila mwaka, unakaa kwenye benchi la mwisho na kofia yako magotini, unasikiliza nyimbo zako zikichambuliwa kama mchele wenye mawe. Mmoja atasema "Kahawa Mbivu", kwa sababu nusu nzima ya wimbo ni kutaja madaraja ya kahawa. Mwingine atasema "Keki ya Jubilei", ule tuliorekodi tulipopata kinanda kipya, kinanda chenyewe kinalia kama jogoo aliyekanyagwa. Watasimama, watapigana vijembe, supu itapoa. Halafu Shabani, yule mwenye duka la vitenge karibu na stendi, ambaye babu yake alitoka Kilwa na ambaye anajiona ndiye peke yake Mbinga nzima anayejua muziki, atanyanyua mkono na kusema, "Wallahi, 'Samaki Hana Kope' ukipigwa peponi, watu wataomba kuhamishwa." Hapo ubishi unakwisha. Wote wanapiga makofi, na wewe unainuka, unavaa kofia na kuwashukuru kwa kukupa ushindi tena.

Nilipokuwa msichana nilikuwa naona aibu. Baba yangu ametunga wimbo mbaya kuliko zote na anafurahi!

Na ulikuwa mbaya kweli. "Samaki hana kope, analalaje? Samaki hana kope, mwulizeni." Basi. Ubeti wa pili ni ule ule wa kwanza. Ulikuwa unauimba chini kabisa ya sauti yako, unakoroma, na besi ya Kasiani inakaa mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa. Ngoma ndiyo ilikuwa balaa, maana mtu akinyanyua mguu ngoma inasimama, akiushusha inaanza. Hakuna aliyewahi kuucheza. Kwa hiyo uliuweka mwisho wa kila dansi la Jumapili mchana hapa Mbamba Bay, na kazi yake ilikuwa hiyo. Ukianza tu, akina mama wanafunga watoto mgongoni, watu wanatafuta viatu, wa milimani wanakimbilia gari za kupanda Mbinga. Wenye boti kule ufukweni walikuwa hawahitaji saa. Wakisikia "Samaki" wanawasha injini. Ziwa likija kuchafuka jioni, watu wa Lundo wameshafika kwao zamani, wanakula.

Simu bado.

Upepo unatoka kusini. Nimemuuliza mzee mmoja anayeshona nyavu, akatazama maji, akasema, "Si mbaya sana." Hiyo "sana" ndiyo imenikaa tumboni.

Ulinieleza mara moja tu. Tulikuwa Lundo, tunapukuchua mahindi nyuma ya nyumba ya bibi, na mimi nikakuuliza kwa nini mtu mwenye akili zake atunge kitu kama kile. Ukaokota hindi jingine. Halafu ukaniambia habari za Baba Mdogo Bosko. Nilijua alikufa ziwani. Sikujua kwamba siku hiyo alikuwa amekuja kwenye dansi lako. Bendi ilikuwa changa, watu wakaupenda wimbo wa mwisho, wakapiga kelele, "Rudia! Rudia!" Ukarudia. Wakataka tena, ukarudia tena. Ulikuwa kijana na ulikuwa unapenda kupendwa, ulisema hivyo mwenyewe. Boti ya Lundo ikaondoka upepo umeshachachamaa, na karibu na yale mawe ya kabla ya kijiji ikapinduka. Ulimaliza kupukuchua hindi lile zima kabla hujaendelea. Ndipo ukakaa chini ukatunga wimbo ambao hakuna mtu duniani angeusikia akasema "rudia".

Na ukaniambia, "Usimwambie mtu, Anyesi. Wakijua sababu wataanza kuuonea huruma. Na wimbo ukionewa huruma, watu watakaa wausikilize."

Sikumwambia mtu. Hata Osmunda hajui.

Halafu ukafa. Kwenye arobaini yako bendi ikaona ikuenzi kwa wimbo wako wa kufungia. Mimi sikuona ubaya, nikauimba. Shabani, yule yule wa peponi, akalia mpaka akashikwa mabega. Watu wakasimama mmoja mmoja, mikono kichwani, wakaanza kuyumba polepole. Nilidhani ni msiba tu, utapita.

Haukupita. Jumapili iliyofuata, hapa hapa ukumbini, nikaanza "Samaki hana kope" kama kawaida, na hakuna aliyetafuta viatu. Walikuja mbele. Wakanyanyua simu wanarekodi. Wakaimba na mimi, ubeti wa kwanza na ubeti wa pili, machozi yakiwatoka, na wameshajifundisha kuucheza! Wanasubiri ngoma isimame nao wanasimama, ikianza wanaanza, wanaona raha kabisa. Wimbo ulipoisha mtu mmoja wa nyuma akaita, "Rudia!"

Baba, ni neno lile lile. Nilimtazama Kasiani, naye alikuwa amekwisha kuanza upya kwa sababu watu walikuwa wanalia jina lako.

Tangu hapo kila Jumapili ikawa hivyo. Kasiani akitangaza kwa maikrofoni kwamba dansi limekwisha, wanamcheka. Tulizima jenereta, wakaimba wenyewe wakipiga meza. Tulijaribu kufunga na "Keki ya Jubilei", wakaigeuza kichekesho na kuicheza mpaka jasho. Na boti zikawa zinachelewa. Siku moja ile ya Lundo ilirudi ufukweni imejaa maji nusu, watu wameshatupa magunia yao ziwani ili ielee. Osmunda alikuwemo, tena na tumbo lake kubwa. Nilimpokea pale kwenye maji amelowa mpaka nywele, anacheka kwa woga, ananiambia, "Dada, tulikuwa tunauimba wimbo wa Baba ili tusiogope." Nilimfunga khanga yangu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikifumba macho nawaona wanacheza.

Basi mwaka huu wapenzi wakakutana tena kwa Mama Winfrida. Niliomba Mungu wakutukane. Nilikaa kwenye benchi lako la mwisho nikisubiri mtu mmoja tu aseme ukweli. Wakataja "Kahawa Mbivu". Wakataja "Keki". Wakataja hata ule wa harusi ambao haujawahi kumkera mtu. Wako hakuna aliyeugusa. Nikamtazama Shabani, nikajua huyu hawezi kuvumilia, huyu lazima atasema. Akasimama, akajikohoza, akasema marehemu hasemwi vibaya. Akaongeza kwamba sasa ndipo ameuelewa, kwamba samaki asiyefumba macho ni mzazi anayelinda wanawe. Watu wakaguna kwa kukubali. Mmoja akapendekeza uwe wimbo wa kufungulia na wa kufungia pia, na Krismasi tuupige mara mbili.

Shangazi Kandida alikuwa amekaa mbele kabisa, na kitenge chake cha msiba, anafuta macho. Dada yako mkubwa. Ndiye aliyekubeba mgongoni. Na mimi nikasimama.

Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kwanza uliponikabidhi maikrofoni. Nilishika benchi. Nikasema wimbo wa baba yangu ni mbaya. Nikasema ulikuwa mbaya alipokuwa hai na ni mbaya sasa yumo kaburini, hauna maneno, hauna tuni, ngoma yake inajikwaa, na yeyote anayesema anaupenda anamsingizia marehemu.

Nikasikia mafuta ya chapati yakichemka jikoni.

Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba nataka kukufuta ili niweke nyimbo zangu. Shangazi aligeuka polepole, akaniangalia kama mtu asiyenijua, akauliza, "Huyu mtoto amelelewa na nani?" Sababu ilikuwa hapa, Baba, kwenye meno. Ningeitoa wangenisamehe wote palepale, wangenikumbatia. Na Jumapili wangekaa kuusikiliza wakimlilia Bosko. Nikaimeza. Nilitamani uwepo unishike mkono, na nilikukasirikia kwa kuniachia mzigo huu peke yangu.

Kasiani ndiye aliyeniokoa. Sijui kama anajua. Naye alikuwepo enzi zile, lakini hajawahi kusema. Alikuna kidevu chake tu, akasema, "Mimi nimeupiga huu wimbo miaka yote. Unaniumiza vidole, na sijaona faida." Shabani alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwona midomo inamcheza, kama mtu aliyebanwa chafya ibadani. Akasema pole pole, "Na ule ubeti wa pili..." Akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu ikamshinda. "Ubeti wa pili ni ule ule wa kwanza, jamani! Tulikuwa tunadanganyana nini?"

Wakacheka, Baba. Walianza wachache, kisha ua mzima. Yakatoka yote waliyoyafungia tangu kifo chako, mikoromo, besi ya mbuzi, ngoma yenye kwikwi. Walikutukana kwa mapenzi mpaka Mama Winfrida akatoka jikoni na mwiko kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akasema hata mbwa wake alikuwa anahama ukiupiga. Ulishinda tena. Hakukuwa na mtu wa kuvaa kofia na kushukuru, nikabaki nimesimama nalia.

Lakini Shangazi aliondoka bila kuniaga. Nilimfuata mpaka stendi, nikamwamkia. Hakuitikia. Nimemwamkia kanisani, nimemwamkia kwa simu, anakata. Leo asubuhi aliposhuka hapa kuja kuwachukua Osmunda na mtoto, nikapiga goti mchangani mbele za watu nikasema, "Shikamoo, shangazi." Akanipita kama anavyopita jiwe.

Simu bado. Wameshamaliza kupakia vyombo. Maji yamekuwa na weupe kule mbali, na mzee wa nyavu ameacha kushona. Sitaki kumuuliza tena.

Nikuambie ya leo, nimalize.

Kubishana uani ni kitu kimoja, ukumbini ni kingine. Nilijua hivyo. Jua lilipofika pale ulipokuwa unatazama ili ujue saa ya kufunga, kwenye ukuta wa pili karibu na kalenda, nilimpa Kasiani ishara. "Samaki hana kope." Hakuna aliyeondoka. Baba, hakuna hata mmoja! Walisimama wananitazama, na kijana mmoja akaanza kunyanyua simu. Niliona boti ya Lundo kupitia dirishani, imelala tu, mwenye nayo anakula muwa. Nikasema moyoni, wamerudi kule kule, leo ndiyo leo, na mtoto yumo.

Kwa hiyo nikauharibu. Nilishusha sauti mpaka ikagonga chini. Nilichelewa makusudi, nikawahi makusudi. Nilikoroma, Baba, nilikoroma kuliko wewe. Mpiga ngoma alinishangaa, kisha akaelewa, akaanza kujikwaa hata pale ambapo wewe hukumfundisha. Mama mmoja wa nyuma alikunja uso. Akainama, akachukua mkoba wake. Halafu nikasikia kiti, na kiti kingine. Khanga zikafungwa. Kule nje injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Shabani alipita mbele ya jukwaa na vidole masikioni, macho yamelowa, na alipofika mlangoni akageuka akapiga kelele, "Mbaya kabisa!" Hakuna aliyewahi kunisifu hivyo.

Nilikuuliza zamani kwa nini unaumaliza wimbo hata ukumbi ukiwa mtupu. Ukasema daima yupo anayechelewa nyuma ya mlango. Ni kweli. Leo alikuwa Shangazi. Alibaki amekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono kwenye mapaja, ananisikiliza mpaka ubeti wa pili. Sijui alikuwa anafikiri nini. Labda alikuwa anamwona Bosko akitoka kwa mlango ule. Osmunda alimwita kutoka nje, akainuka polepole, akaenda. Niliimba mpaka mwisho, kwa viti.

Basi wamewahi. Kuliko Jumapili zote tangu ufe, leo wamewahi. Lakini upepo nao umewahi, na sijui nani amemtangulia mwenzake. Hukuniambia hili, Baba, kwamba ukishawatoa wote unabaki na kusubiri. Kila Jumapili ulikuwa unakaa hapa barazani na sigara yako isiyowashwa, na mimi nilidhani unapumzika.

Simu inaita. Si namba ya Osmunda.

*

Alikuwa ni Shangazi.

Mwanzoni nilisikia upepo tu, na watu wanaitana, na mimi nimeshasimama, nimeangusha kalamu. Nikasema "Haloo, haloo." Halafu akasema neno moja.

"Marahaba."

Nikakaa chini, Baba. Nilikaa sakafuni palepale. Akasema simu ya Osmunda imezima chaji. Wamelowa kidogo, mtoto amelala njia nzima, yale mawe wameshayapita kabla maji hayajachafuka. Akasema, "Umeuimba vibaya kuliko baba yako." Na akakata, si unamjua.

Mwandiko umeharibika hapa mwishoni, nisamehe. Naijua Jumapili ijayo itakuja na woga wake, na nyingine, na nyingine. Woga huu hauishi, sasa naelewa. Ulikuwa unaubeba peke yako, umeuvalisha kofia, tukadhani ni furaha. Umeniachia, nimeupokea. Kesho nikifika Mapera nitalishusha gitaa lako juu ya kabati.

Karatasi hii nitampa Osmunda aje aiweke chini ya jiwe pale kwako Lundo. Hataisoma, nitamwapisha.

Samaki hana kope, Baba, lakini wewe unazo. Zifumbe sasa. Huku kwenye baraza nipo mimi, na nakuahidi nitauimba vibaya, kila Jumapili, mpaka wa mwisho atoke.

Mwanao,
Anyesi